Nimepata "Lady Chatterley" jeusi, refu kama kitabu cha nyimbo za kanisani. Ni toleo la wizi la enzi za Lawrence, au nimeuziwa mbuzi kwenye gunia?

#1 JaladaJeusi

Wakuu, salaam.

Mwaka wa kumi na moja huu nakusanya nakala za wizi za riwaya moja tu, Lady Chatterley's Lover ya Mwingereza D. H. Lawrence, ile ya Connie, mke wa bwana mkubwa, na mapenzi yake na mlinzi wa wanyama. Matoleo halali nawaachia wengine. Mimi natafuta yale yaliyochapwa gizani wakati forodha na polisi wa Uingereza na Marekani wakikikamata kitabu hiki kila kilipojitokeza. Kabla ya wiki iliyopita nilikuwa na nakala tano.

Jumamosi nilipita kwa muuza vitabu vya mitumba jirani na Posta Mpya. Chini ya rundo la vitabu vya uhasibu nikaona kimoja cheusi, chembamba, kirefu kuliko kawaida. Mgongoni hakuna neno. Ndani hakuna jina la mchapaji wala la mji. Karatasi ya kwanza imeliwa na mchwa yote. Ya pili imebaki nusu, na kwenye hiyo nusu kuna bawa la ndege na nyota nne. Nimelipa elfu nane.

Mwaka 1929 Lawrence mwenyewe alitoa insha akiwataja maharamia wake toleo kwa toleo. Toleo la tatu analolieleza ni jeusi, limerefushwa likafanana na Biblia au kitabu cha nyimbo, lina kurasa mbili za jina, na kwenye kila ukurasa yupo tai wa Marekani mwenye nyota sita kichwani na radi kwenye kucha. Mimi nina bawa na nyota nne. Mkono unanitetemeka hata ninapoandika hapa.

Ila kilichoninyima usingizi ni kingine. Pembezoni mwa kurasa kuna maandishi ya Kiswahili, ya penseli, tangu mwanzo mpaka mwisho. Mtu alikisoma kitabu hiki kwa taabu na alitaka kukielewa. Pembeni ya "gamekeeper" ameandika "mlinzi wa wanyama wa bwana". Pembeni ya "colliery" ni "shimo la makaa". Mlinzi Mellors anapoanza kusema lahaja ya kwao, msomaji wetu ameandika "Kiingereza gani hiki?" na amepiga mstari mara mbili.

Nisaidieni. Ni lile toleo la tatu? Na lilifikaje Dar?

#2 NgojaWaje

Nimekaa mkao wa kula. Shusheni nondo.

#3 FunziWaGerezani

Mkuu, mimi nimefanya kazi kwenye mitambo ya uchapaji miaka thelathini, kuanzia herufi za risasi mpaka ofseti. Usianze na tai. Tai anaweza kuigwa na yeyote. Anza na kidole.

Chukua ukurasa wenye maandishi mengi, ugeuze, pitisha ncha ya kidole upande wa nyuma taratibu. Kitabu kilichopigwa kwa herufi za risasi utasikia vipele, kwa sababu herufi imebonyea kwenye karatasi. Kile cha Florence cha Julai 1928 kilipigwa hivyo, herufi moja moja, na mafundi wa Kiitaliano wasiojua Kiingereza. Ndiyo maana kina makosa mengi ya tahajia. Maharamia wa kwanza wa Marekani hawakupanga herufi upya. Walikipiga picha kitabu kizima wakachapa kutoka kwenye sahani. Kwa hiyo karatasi itakuwa laini nyuma, wino utaonekana kama umepakwa mafuta, vitundu vya "e" na "a" vimejaa, na makosa yote ya Waitaliano yatakuwa palepale yalipokuwa.

Jingine: tazama juu ya kila ukurasa kama kuna mstari wa jina la kitabu. Lawrence alilalamika kwamba huyu wa jalada jeusi alirefusha ukurasa kwa kuongeza kichwa cha ukurasa ambacho kitabu chake hakina. Kama kipo, linganisha unene wa herufi zake na za maandishi ya chini. Rudi utuambie.

#4 MamaVitabu

Nauliza kwa nia njema, kaka JaladaJeusi. Kwa nini upende mali ya wizi? Mimi ni mwandishi. Kitabu changu cha hadithi za watoto kilitolewa fotokopi kikauzwa kwenye geti la shule moja hapa mjini, mbele ya macho yangu, kwa nusu ya bei, na mwanangu akarudi nacho nyumbani kwenye begi. Mtu anapoyaita hayo "matoleo adimu" na kuyawekea kabati la kioo, moyo wangu unauma.

Lawrence alikuwa mgonjwa wa kifua, alifariki Machi 1930 huko Vence, Ufaransa, na wakati anapumua kwa shida wenzake walikuwa wanauza jasho lake. Hilo nalo ni sehemu ya hicho kitabu cheusi.

#5 JaladaJeusi

Fundi, nimefanya kama ulivyosema. Nyuma ni laini kama sahani ya kauri. Kichwa cha ukurasa kipo, na herufi zake ni nene kuliko za chini. Nimekaa chini nikashusha pumzi.

Dada MamaVitabu, swali lako sitalikwepa. Ulichofanyiwa ni wizi na sikitetei. Lakini fikiria ilivyokuwa mwaka 1928. Nakala halali zilikuwa 1,000, zimetiwa saini, bei pauni 2. Baadaye akaongeza 200 za bei ya chini, gini moja, yaani shilingi 21, kwa sababu toleo moja la wizi lilikuwa limefika London likiuzwa shilingi 30. Basi. Kwa msomaji wa kawaida wa Chicago au Manchester mlango mwingine haukuwepo. Mimi nakusanya nyayo za wasomaji. Nakala halali ya Florence utaikuta safi, haijaguswa, imekaa kwenye sanduku la tajiri. Hii yangu ina jasho la mtu kila ukurasa.

#6 WakiliMtaani

Tuweke sheria sawa, maana watu wanasema "wizi" bila kujua mlango ulikuwa wazi kiasi gani.

Marekani ya wakati ule, kitabu cha Kiingereza kilichochapwa nje hakikupata ulinzi kamili wa hakimiliki mpaka kichapwe humo nchini. Na hiki kisingeweza kuchapwa humo, kwa sababu kuna sheria tangu 1873 iliyokataza kupeleka machapisho ya aibu kwa posta, na forodha nao walikuwa na ya kwao. Kwa hiyo serikali ilikuwa inamwambia mwandishi: kazi yako ni haramu, na kwa kuwa ni haramu hatuilindi. Haramia akakaa katikati ya hizo sheria mbili kama panya kwenye ghala. Akikamatwa, anakamatwa kwa aibu, si kwa kuiba. Marufuku ndiyo iliyomzaa haramia. Haikumzuia.

Kwetu hapa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa. MamaVitabu, wewe bado una haki ya kudai. Nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na nakala ya huo wizi mkononi.

#7 MamaVitabu

Asante wakili. Nakala ninayo, mwanangu alininunulia mwenyewe.

#8 KijanaUbungo

Mkuu nondo nzito. Ila kuongezea: Uingereza walipitisha sheria 1928 ya kukipiga marufuku kitabu hiki kwa jina, ikadumu mpaka 1960 baraza la wazee wa mahakama, wanaume watupu, walipokiachia.

#9 MzeeUpanga

Mwanangu KijanaUbungo, hapo mawili yamepinda.

Hakukuwa na sheria ya kukitaja kitabu kwa jina. Kilichokuwepo ni forodha kukamata, polisi kukamata, na wachapishaji kuogopa. Mwaka 1932 kampuni moja ya London ilitoa toleo lililokatwakatwa na likauzwa hadharani. Toleo zima ndilo lililokuwa halionekani.

La pili, baraza la kesi ya 1960 lilikuwa na watu 12, wanaume tisa na wanawake watatu. Kesi ilianza 20 Oktoba, hukumu 2 Novemba, na 10 Novemba kitabu kikaingia madukani kwa shilingi tatu na peni sita za kwao. Wachapishaji walioshtakiwa, Penguin, walikuwa wamekwisha andaa nakala 200,000. Toleo la pili, la 1961, lina ukurasa wa kuwatunukia hao wazee kumi na wawili wa baraza. Mwenye nakala ya Penguin ya 1960 hatauona ukurasa huo.

Nayajua haya kwa sababu marehemu baba alikuwa nayo, hapa Upanga. Aliifunika kwa gazeti. Mama aliamini ni kitabu cha hesabu za duka mpaka siku gazeti lilipochanika. Siku tatu hakumpakulia chakula.

#10 NgojaWaje

Siku tatu! Mzee, na baba alikula wapi?

#11 MzeeUpanga

Kwa shemeji yake, Kisutu. Ambaye naye akaomba aazimwe.

#12 BahariMbili

Kuhusu kilifikaje Dar, mimi nasema Bombay. Angalia ramani ya biashara ya wakati ule. Meli za Bombay, Mombasa, Zanzibar, Dar zilikuwa zinapishana, na vitabu vilikuja pamoja na vitambaa na viungo. Wauza vitabu wa Bombay walikiuza hiki kitabu chini ya meza miaka mingi. Kesi yao maarufu ilifika Mahakama ya Juu Kabisa ya India 1964: muuza vitabu mmoja alikutwa na toleo lisilokatwa, akatozwa faini ya rupia 20, na rufaa yake ikatupwa. Oneni hilo, miaka minne baada ya London kukiachia! Na sheria waliyomtia nayo hatiani ni kanuni ileile ya adhabu ya India ambayo Tanganyika iliitumia tangu 1920 mpaka tulipopata yetu 1930.

Nyumba za mtaa wa India na Jamhuri zilikuwa na makabati ya vitabu ambayo hadi leo yanatolewa watu wakihama. Muulize huyo muuzaji kama rundo lile lilitoka huko.

#13 JaladaJeusi

Nimemuuliza leo mchana. Anasema alinunua kwa kilo kutoka kwa mtu wa chuma chakavu wa Tandika. Njia imekatikia hapo.

#14 KaraniMstaafu

Ndugu mleta mada, naomba ufanye kitu kimoja kwa uangalifu sana. Chagua neno moja la penseli lililo pembeni kabisa, mbali na maandishi ya kitabu. Lowesha ncha ya kijiti kwa tone dogo la maji, gusa kona ya herufi moja. Kama inageuka zambarau, hiyo ni penseli ya wino. Ndiyo waliyotumia makarani wa bomani, wa reli na wa bandari, kwa sababu haifutiki kwa raba. Babu yangu alikuwa karani wa bandari na ulimi wake ulikuwa na doa la zambarau, maana walikuwa wanailamba kabla ya kuandika.

#15 FunziWaGerezani

Karani, hilo jaribio ni la hatari, zambarau inasambaa. Tone liwe dogo kama kichwa cha sindano, na karatasi ya kunyonya iwe tayari mkononi.

#16 JaladaJeusi

Zambarau. Zambarau kabisa. Nimegusa mkia wa herufi "y" tu na umechanua kama ua.

#17 KaraniMstaafu

Basi ni mwenzetu. Karani aliyesoma shule ya misheni au ya serikali, mshahara mdogo, Kiingereza cha barua za ofisi. Anajua "invoice" na "manifest", hajui "gamekeeper". Bwana mkubwa akahamishwa, akaacha sanduku la vitabu, karani akapewa au akajipa. Ndivyo babu alivyopata kamusi yake.

#18 Mkunazini

Nipunguze kasi kidogo. Penseli ya wino ilikuwa ofisini, ndiyo, lakini ilikuwa pia madukani na mashuleni. Tutazame lugha. Mleta mada, tuandikie maneno zaidi jinsi yalivyo, usisahihishe tahajia.

#19 JaladaJeusi

Haya hapa baadhi, kama yalivyo:

Palipotajwa jinsi Clifford, mume wa Connie, alivyoumizwa vitani Flanders: "vita vya Mjarumani".
Kwenye kiti chake cha injini: "kiti cha moto".
Penye mabishano ya mabwana na wachimbaji: "kama bandari".
Connie anapokwenda kwenye kibanda mara ya kwanza: "khatari".
Mwishoni mwa sura moja: "khabari hii ya kweli? watu wao wako hivi?"
Barua ya mwisho ya Mellors: hakuna neno, ila mstari wima pembeni mwa barua nzima, umekwenda ukurasa hadi ukurasa bila kuvunjika.

#20 Mkunazini

"Khatari", "khabari". Huyo si mtu wa bara. Ni mtu wa pwani aliyepita chuoni, kwenye Kurani, kwanza kabla ya shule, na sikio lake linaisikia ile kh ya Kiarabu. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliundwa 1930 na tahajia ya vitabu vya shule ikasawazishwa kuwa "habari" na "hatari". Huyu aliandika kabla mkono wake haujafundishwa hivyo. Unguja, Bagamoyo, au Mzizima penyewe.

#21 BahariMbili

Mkunazini, mama yangu alifariki 2009 na mpaka barua yake ya mwisho aliandika "khabari". Tahajia ya mtu haifi na kamati.

#22 Mkunazini

Kweli. Siifungi tarehe, naufunga ukanda tu. Lakini nitazame na hilo la "vita vya Mjarumani". Wazee wetu waliviita hivyo vita vya 1914 mpaka 1918, vilivyowachukua wapagazi kwa maelfu na kutuachia jina la Kariakoo kutoka kambi ya wapagazi. Vilipokuja vingine, watu wakalazimika kutofautisha, vya kwanza na vya pili. Huyu hatofautishi. Kwake vita ni kimoja. Huoni anaandika kabla ya 1939?

#23 MwanaMlimani

Samahani wakuu, mimi nina maelezo mengine. "Kama bandari" ndiyo ufunguo. Mtu anasoma ugomvi wa wachimba makaa wa Uingereza na mabwana zao halafu anaandika "kama bandari". Huyo aliona mgomo. Makuli wa bandari ya Dar waligoma 1939, wakagoma tena 1947, na ule wa 1947 ulisambaa nchi nzima. Aliyeandika alikuwa kwenye hiyo migomo au alisimama karibu nayo. Na anayetaja "vita vya Mjarumani" miaka ya arobaini hakosei, maana vya pili navyo vilikuwa vya Mjerumani.

Au hata baadaye kabisa. Miaka ya sabini Mlimani kulikuwa na wanafunzi waliosoma kila kitu kwa jicho la mabwana na wafanyakazi. Mwanafunzi wa pwani, penseli ya baba yake mkononi, kitabu cha mtaani. Kwa nini asiwe yeye?

#24 KaraniMstaafu

Mwanafunzi wa chuo kikuu asiyejua "colliery" nitamshangaa kidogo. Lakini hilo la mgomo limenigusa. Babu aligoma 1947. Hakupenda kulisimulia.

#25 ShangaziTemeke

Mnabishana karani, baharia, mwanafunzi, wote wanaume. Kwa nini asiwe mwanamke? Nani aliandika "khatari" Connie alipofika kwenye kibanda? Mwanaume angeandika hivyo? Mimi nikisoma naona mwanamke aliyekuwa anamwogopea mwanamke mwenzake.

Ayah, dada wa nyumba ya Mzungu kule Oysterbay, au mke wa huyo karani wenu, mwenye kuazima penseli ya mumewe usiku. Naona hamjamfikiria kabisa.

#26 MamaVitabu

Shangazi, umepiga mulemule. Nimeirudia post ya 19 nikiwa na fikra hiyo na kila neno limegeuka. "Watu wao wako hivi?" ni swali la mtu anayeingia vyumbani mwao kutandika vitanda.

#27 Mkunazini

Na chuoni wasichana wa pwani walipitia pia, kwa hiyo "kh" yangu haimkatai.

#28 KijanaUbungo

Asanteni kwa kunisahihisha kule juu. Nina swali la pembeni: hapa kwetu tuna riwaya ya namna hii? Iliyozuiwa halafu watu wakainakili?

#29 MwalimuWaZamani

Ipo. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, 1971. Ilizuiwa mashuleni, kisha miaka ya baadaye ikarudi darasani ikawa kitabu cha mtihani. Mimi niliisoma ikiwa bado inafichwa. Nakala yetu bwenini ilikuwa ya mkono. Msichana mmoja aliinakili yote kwenye madaftari matatu ya mistari, kwa biro, tukapokezana chini ya shuka na tochi. Daftari la pili lilikamatwa na matroni. Kwa hiyo nilijua mwanzo na mwisho wa Rosa, na katikati niliijua baada ya kuanza kufundisha. Kezilahabi alipofariki Januari 2020 nililitafuta lile daftari la kwanza nyumbani kwa wazazi siku mbili. Halikuonekana.

JaladaJeusi, nakuelewa kabisa unachokusanya. Ningelipata daftari lile leo nisingelibadilisha na toleo la kwanza lililofungwa kwa ngozi.

#30 JaladaJeusi

Mwalimu, nimeisoma post yako mara tatu. Yule aliyenakili yuko hai?

#31 MwalimuWaZamani

Yupo, Mwanza. Ni mfamasia. Anasema hakumbuki, lakini anatabasamu.

#32 Kabati_la_Kioo

Nami ni mkusanyaji, ila wa Ulysses ya James Joyce, riwaya nyingine iliyopigwa marufuku Marekani, kwa hiyo niongezee kwa jirani. Wizi unaweza kuingia mpaka kwenye damu ya toleo halali. Mwaka 1929 New York alitoka Ulysses wa bandia, amevaa jina la duka la Paris lililokichapisha kwa haki, amejifanya chapa ya tisa ya 1927. Jaji Woolsey alipokiachia kitabu Desemba 1933, mchapishaji halali wa Marekani akaharakisha kukitoa 1934, na nakala aliyowapa mafundi waipange ikawa ni ile ya bandia. Makosa ya mwizi yakaingia kwenye kitabu halali, watu wakayasoma miaka kama maneno ya Joyce.

Hapo ndipo natofautisha: bandia ni kile kinachojidai ni cha mwenyewe, na wizi mtupu ni kama hiki cheusi ambacho hakidai ni cha mtu. Hiki cheusi nakiona mkweli zaidi.

#33 MamaVitabu

Mwizi asiyevaa barakoa bado ni mwizi, kaka. Lakini nitakuachia moja la Lawrence mwenyewe, liko kwenye insha ileile. Maharamia wa Ulaya walimwendea wakamwambia awape ridhaa, nao watamlipa asilimia yake kwa nakala zote, zilizouzwa na zitakazouzwa. Alikuwa mgonjwa, hela alizihitaji. Akakataa. Badala yake akatoa la kwake la bei ndogo Paris 1929, faranga 60, wakati wao walikuwa wanawauzia watu kwa faranga mia tatu mpaka mia tano. Na kulikuwa na muuza vitabu mmoja wa New York aliyemtumia dola kadhaa kama asilimia 10 ya nakala za wizi alizouza dukani kwake, roho ilimsuta. Huyo namheshimu.

#34 JaladaJeusi

Hilo la faranga mia tatu ninalo mkononi, dada, toleo la Paris, lililopigwa mhuri kwamba limechapwa Ujerumani. Limefanana na la Florence kwa kila kitu isipokuwa halina saini, na mgongoni ndani kuna ukingo wa hariri ya kijani na njano. Hariri hiyo ndiyo inayolisaliti. Mafundi wa humo walipanga herufi upya na wakasahihisha baadhi ya makosa ya Waitaliano, kwa hiyo ni mwizi aliyemsahihishia mwenye mali.

Na kuhusu muuza vitabu wa New York, nimelipokea.

#35 FunziWaGerezani

Turudi kwenye kitabu, maana Pwani hii haisubiri mjadala. Kama mchwa amekula karatasi ya kwanza, wadudu wanaweza kuwa bado wamo mgongoni. Kifunge kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, kiweke kwenye friza wiki mbili, kisha kitoe na ukiache ndani ya mfuko mpaka kirudi joto la chumba, la sivyo kitatoka jasho na hiyo zambarau itakimbia kote. Usitumie selotepu popote. Na usikipeleke kwa fundi akubadilishie jalada. Ukilitoa jalada jeusi umetoa nusu ya ushahidi.

#36 Kabati_la_Kioo

Nakazia. Na kabla ya friza, tazama jalada la ndani nyuma, chini ya karatasi iliyobandikwa. Huko ndiko watu huandika vitu.

#37 NgojaWaje

Mkuu uko wapi? Siku ya pili leo.

#38 JaladaJeusi

Nipo. Nilikuwa natafuta lenzi.

Kuhusu toleo: kuna mdau ameniandikia pembeni kwamba hata hili jeusi linaweza kuwa lilipigwa picha tena na mwizi wa pili, ndiyo sababu vitundu vya herufi vimejaa sana. Fundi anasema inawezekana, na bila kuliweka jeusi jingine pembeni hawezi kuapa. Nyota nimezihesabu tena kwa lenzi: ni nne kamili na ncha ya ya tano kwenye ukingo wa tundu la mchwa. Ya sita, kama ilikuwepo, mchwa anaijua.

Jalada la ndani nyuma nimelitazama kama Kabati alivyosema. Karatasi imebanduka yenyewe kwenye kona. Chini yake kuna orodha, kwa penseli ileile na mkono uleule. Herufi za mwanzo za majina tu: "M. bin S.", "J.", "Bi Z.", "A. wa Ilala", "Bi Z." tena, jumla majina kumi na saba. Mbele ya kila jina "-/50", na mengine yamekatwa kwa mstari.

#39 KaraniMstaafu

"-/50" ni senti hamsini. Hivyo ndivyo tulivyoandika.

#40 MwanaMlimani

Alikuwa anakikodisha! Kumbe ni maktaba.

#41 BahariMbili

Au madeni ya duka hayahusiani na kitabu. Karatasi ilikuwa karibu, akaandika.

#42 ShangaziTemeke

Bi Z. amekuja mara mbili. Mtu harudi mara mbili kwa deni la sukari.

#43 MamaVitabu

Mbele ya Bi Z. wa pili, senti hamsini zimekatwa au hazijakatwa?

#44 JaladaJeusi

Hazijakatwa.